Sanduku na Faili: Uhakiki wa Nyaraka za Koo na Kumbukumbu za Utawala katika Isiolo

1. Utangulizi

Wahakiki wa maandishi ya Kiswahili wamezoea kuanza kazi yao pale ambapo mwandishi amekwisha kujitangaza kuwa ni mwandishi. Utenzi una mtunzi wake, riwaya ina jalada lake, tamthilia ina jukwaa lake; mhakiki huja baadaye akapima fani na maudhui. Maandishi yasiyojitangaza, kama vile taarifa ya mwaka ya mkuu wa wilaya, stakabadhi ya kodi, kibali cha kupita, au barua ya malalamiko iliyopigwa chapa na karani wa mtaani, yameachiwa wanahistoria. Nao wanahistoria, kwa haki kabisa, huyatumia kama kisima: huteka maji ya habari wanazozihitaji. Ni mara chache mtu huuliza kisima chenyewe kilichimbwa na nani, na kwa nini kilichimbwa mahali pale.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una hasara, na kwamba wanafunzi wa lugha wana wajibu wao katika jambo hili. Mfano uliochaguliwa ni Isiolo, mji na iliyokuwa wilaya ya kaskazini ya Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba nyaraka zinazotunzwa majumbani na koo za Isiolo, na mafaili yaliyotunzwa na utawala, si mashahidi wawili wanaojitegemea. Ni pande mbili za majibizano yaleyale. Faili lilimweleza mtu. Karatasi ya sandukuni ilihifadhiwa ili kumjibu mwenye faili. Kwa hiyo anayesoma upande mmoja tu hupotoka, awe amechagua upande wa mtawala au upande wa mtawaliwa. Aidha, lugha iliyounganisha pande hizo mbili mara nyingi ilikuwa Kiswahili, ingawa Kiswahili hicho hakionekani sana katika karatasi zenyewe.

2. Mlango wa Kaskazini

Isiolo iko kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya Meru yanakoma na nyika ya wafugaji inaanza. Mto Ewaso Ng'iro, ambao Waborana huuita Waso, unapita huko ukielekea Merti na bwawa la Lorian. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliufanya mji huu kuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD iliyotajwa mno katika siasa za Kenya. Eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za pekee: ile ya mwaka 1902 iliyoruhusu wilaya za pembezoni kufungwa, na ile ya mwaka 1934 iliyowapa maafisa madaraka makubwa juu ya mienendo ya watu na malisho ya mifugo. Asiye mkazi hakuingia bila kibali, na mkazi hakutoka vivi hivi. Mtu wa kaskazini anayesafiri kwenda Nairobi amezoea kusema kwamba anakwenda Kenya. Kauli hiyo huwachekesha wageni, lakini ni mabaki ya sheria katika lugha.

Mji wenyewe ulikusanya watu wa asili mbalimbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliokuwa wamelitumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapo na kulisha mifugo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wengi walihamia Waso kutoka pande za Wajir. Walikuwapo pia Wasamburu, Waturkana waliofika kutafuta kazi, Wameru, na wenye maduka walioasili Bara Hindi na Arabuni. Kila jamii iliandikwa daftarini kwa jina lake, na haki za kodi, malisho na makazi zikafuata jina hilo. Kutokana na hali hiyo karatasi katika Isiolo haikuwa jambo la wasomi peke yao. Hata mchungaji asiyejua kusoma alihitaji kufahamu ni karatasi ipi iliyomruhusu kufika kisimani na ipi iliyomzuia.

3. Faili na Msimulizi Wake

Faili la wilaya lina tanzu zake kama fasihi ilivyo na tanzu zake. Iko taarifa ya mwaka, iliyoandikwa kwa ajili ya wakubwa wa Nairobi na, nyuma yao, wakubwa wa London. Iko taarifa ya makabidhiano, ambayo afisa anayeondoka humwandikia afisa anayeingia. Liko daftari la siasa, ambamo koo, viongozi na mizozo viliorodheshwa. Mikusanyo hii, inayojulikana katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Nairobi kwa alama kama DC/ISO na PC/NFD, imekuwa tegemeo la kazi nyingi zilizoandikwa juu ya historia ya eneo hili.

Msomaji akiisoma mikusanyo hiyo kwa jicho la fani ataona mambo matatu. La kwanza ni kwamba msimulizi hujificha. Katika taarifa ya mwaka vitendo hutendeka bila mtendaji: mifugo imeondolewa, kijiji kimehamishwa, utulivu umerudishwa. Ni nadra kusoma kwamba afisa fulani aliamua hivi kwa sababu hii. Taarifa ya makabidhiano ina tabia nyingine. Kwa kuwa inaandikwa na rika kwa rika, kejeli, hofu na mapendeleo hujitokeza waziwazi zaidi. Tukio lilelile likisimuliwa katika tanzu hizo mbili huwa na sura mbili, na tofauti ya sura hizo inatokana na msikilizaji aliyekusudiwa. Jambo hili ni la msingi kwa kila mhakiki wa fasihi, lakini ni mara chache limetumiwa katika kusoma mafaili.

Jambo la pili ni kwamba watu wanaotawaliwa huingia katika maandishi haya kwa wingi wao: Wasomali wamelalamika, Waborana wametii, Waturkana wamezidi mjini. Mtu binafsi hupata jina lake pale anapokuwa chifu au anapokuwa mkosaji. Wahusika, kwa lugha ya uhakiki, ni bapa. Hawabadiliki, kwa sababu maafisa walihama kila baada ya muda mfupi na kila mmoja alianza kwa kurithi sifa zilizoandikwa na mtangulizi wake. Hivyo sifa ya kabila iliyoandikwa mara moja ilinakiliwa mwaka baada ya mwaka hadi ikawa kama ukweli.

Jambo la tatu linaihusu idara ya lugha moja kwa moja. Maafisa wa utawala nchini Kenya walitakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili. Barazani afisa alisema Kiswahili, na mkalimani akayageuza maneno yake kwa Kiborana au Kisomali. Mzee alipojibu, maneno yalirudi kwa njia ileile. Kisha afisa aliketi mezani akaandika Kiingereza. Hivyo basi nyuma ya sentensi nyingi za Kiingereza katika mafaili ya kaskazini ipo sentensi ya Kiswahili iliyopotea, na nyuma ya hiyo ipo ya Kiborana au ya Kisomali iliyopotea zaidi. Kilichobaki ni maneno machache yaliyokataa kutafsiriwa: baraza, boma, askari, manyatta. Polisi wa kikabila wa kaskazini waliitwa dubas, jina litokanalo na maneno ya Kisomali yenye maana ya kilemba chekundu. Neno shifta lilitoka katika lugha za Uhabeshi likiwa na maana ya mwasi au mnyang'anyi. Lilipoenea katika maandishi ya serikali baada ya mwaka 1963 lilibeba hukumu kabla ya ushahidi, kwani aliyeitwa shifta hakuhitaji tena kutajwa jina wala kuelezwa alidai nini. Uchunguzi wa maneno kama haya ni kazi ya mwanaisimu, na mwanahistoria hawezi kulaumiwa kwa kutoifanya.

Yafaa kukumbuka pia kwamba faili lililobaki si faili zima. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mbele ya Mahakama Kuu ya London, ilidhihirika kwamba mafaili yapatayo 1,500 yaliyohusu Kenya yalikuwa yameondolewa nchini wakati wa uhuru na kufichwa Uingereza. Mengine yalikwisha kuharibiwa. Kwa hiyo mkusanyo unaosomwa Nairobi umepita katika mkono wa mhariri ambaye hakuandika utangulizi wala kueleza alichokiondoa.

4. Nyaraka za Majumbani mwa Watawala

Mtu anaweza kudhani kwamba nyaraka za nyumbani ni za watawaliwa na mafaili ni ya watawala. Sivyo. Watawala nao walikuwa na masanduku yao, na tofauti ni kwamba ya kwao yalipata wachapishaji. Alys Reece, mke wa Gerald Reece aliyeiongoza NFD wakati wa Vita Kuu ya Pili na kufanywa gavana wa Somalia ya Waingereza mwaka 1948, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1963 kwa jina la To My Wife, 50 Camels. Joy Adamson, ambaye mumewe George alikuwa mlinzi wa wanyama wa pori akikaa Isiolo, alichapisha Born Free mwaka 1960. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na filamu yake ilitoka mwaka 1966.

Vitabu hivi viwili vina thamani. Cha Bibi Reece kinaonyesha upande ambao mafaili hayaonyeshi: nyumba, watoto, maradhi, upweke, na namna utawala ulivyotegemea kazi ya wake wasiolipwa mshahara. Cha Bibi Adamson ni simulizi iliyojengwa kwa ustadi. Hata hivyo, mhakiki hana budi kutazama mgawanyo wa uhusika ndani yake. Elsa, simba jike aliyelelewa na wanandoa hao tangu mwaka 1956, ana utoto, tabia na mapenzi. Picha zake zimehifadhiwa na habari zake zimepangwa kwa tarehe. Watumishi Waafrika waliomtunza wanapita pembeni ya hadithi, wakitajwa zaidi kwa kazi zao. Matokeo yake ni kwamba kwa wasomaji wengi wa ng'ambo jina la Isiolo, kama linajulikana, linajulikana kwa sababu ya simba. Hili si kosa la mwandishi mmoja. Ni tokeo la mfumo ulioamua ni sanduku la nani litakalofunguliwa mbele ya dunia, na ni la nani litakalobaki uvunguni.

5. Sanduku na Sababu ya Kuhifadhi

Sasa ni vema kulitazama sanduku la mtawaliwa. Swali la kwanza si kwamba lina nini bali kwamba kwa nini yaliyomo yalihifadhiwa. Katika nyumba nyingi karatasi hutupwa. Familia ya wafugaji inayohamahama haibebi mzigo usio na faida. Karatasi ikihifadhiwa kwa vizazi vitatu, ni kwa sababu kila kizazi kiliona kwamba huenda itatakiwa.

Aina za karatasi zilizotolewa na utawala zinajulikana: cheti cha kuachishwa jeshi, stakabadhi ya kodi, kibali cha kupita, idhini ya malisho, leseni ya biashara. Karatasi moja ndogo kati ya hizo yatosha kuonyesha jinsi zinavyopaswa kusomwa. Sheria ya mwaka 1919 iliwatenga Wasomali fulani na Waafrika wengine kwa baadhi ya mambo. Kisha sheria ya kodi ya mwaka 1936 ikaweka viwango kwa asili ya mtu: Waasia walitozwa shilingi 30, na Wasomali wakawekwa pamoja na wengine waliotozwa shilingi 20. Wa-Isaaq wa Kenya walipinga. Walichodai si kupunguziwa. Walidai kulipa shilingi 30. Walichanga fedha, wakatafuta mawakili, wakaandika maombi hadi London, wakishikilia kwamba wao ni Waasia kwa asili. Mwanahistoria E. R. Turton aliuchambua mzozo huo katika makala ya mwaka 1974, na Keren Weitzberg akaurudia kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 2017, We Do Not Have Borders, akiunganisha nyaraka na masimulizi ya mdomo.

Kwa jicho la uhakiki, stakabadhi ya shilingi 20 ni matini yenye maana mbili. Kwa karani aliyeitoa ilithibitisha kwamba deni limelipwa. Kwa aliyepewa ilithibitisha kwamba ameshushwa daraja. Maombi yaliyoandikwa kuipinga nayo yana sauti zaidi ya moja: sauti ya mzee aliyelalamika, sauti ya karani au wakili aliyejua Kiingereza cha sheria, na sauti ya ofisi iliyotarajiwa kusoma. Unyenyekevu uliomo si lazima uwe unyenyekevu wa moyo. Ni kaida ya utanzu, kama vile dua ya mwanzo wa utenzi ilivyo kaida ya utanzu wake. Msomaji anayeichukua kaida kuwa ni hisia atamdhania mwombaji kuwa mnyonge kuliko alivyokuwa.

Hata hivyo, uaminifu unadai jambo jingine lisemwe. Maombi hayo hayakutaka ngazi ya rangi ivunjwe. Yalitaka mwombaji apandishwe kidato kimoja ndani ya ngazi ileile, juu ya Mborana, Mturkana na Mmeru. Mhakiki anayezisifu nyaraka za koo kwa kuwa eti ni sauti ya umma atakwama hapa. Sauti ya mtawaliwa inaweza kuzungumza kwa mantiki ya mtawala, na mara nyingi hulazimika kufanya hivyo ili isikike.

Historia ikageuka baadaye. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilipokea maoni ya watu wa NFD kuhusu kubaki Kenya au kujiunga na Somalia, na Isiolo iligawanyika. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, na Haji Galma Dida, chifu mkuu wa Waborana wa Waso, waliuawa kwa risasi. Mwezi Desemba mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na vita vilivyofuata vikaendelea hadi mwaka 1967. Watu na mifugo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na wafugaji wengi wa Isiolo wakafilisika. Katika mazingira hayo karatasi iliyowahi kudai kwamba mwenyewe si mwenyeji ilianza kusomwa kinyume. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahojiwe na kuandikishwa upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pekee. Mtu alitakiwa kuthibitisha nasaba yake mbele ya jopo. Cheti cha babu cha jeshi kilichoonyesha kwamba alikuwako nchini kiliweza kumwokoa mjukuu. Ombi la babu huyohuyo lililosema kwamba yeye ni mgeni kutoka ng'ambo ya bahari liliweza kumhukumu. Karatasi zote mbili zaweza kukaa katika sanduku moja.

6. Sheria Iliyozuia Maandishi

Kuna kipindi ambacho faili na sanduku vyote viwili vina pengo, nacho ni hicho cha vita vya mwaka 1963 hadi 1967. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa vitendo vilivyotendwa kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Sheria hiyo hujadiliwa kama suala la haki, na ndivyo ilivyo. Lakini ni suala la maandishi pia. Mahali pasipo na shtaka hapana hati ya mashtaka. Pasipo na kesi hapana mwenendo wa kesi, wala kiapo cha shahidi, wala hukumu. Kwa hiyo sheria ile haikuficha tu nyaraka zilizokuwapo. Ilizizuia nyaraka nyingine zisizaliwe.

Kazi ya kufidia pengo hilo imefanywa kwa masimulizi. Hannah Whittaker, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya vita hivyo, alitumia mafaili pamoja na mahojiano. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake mwezi Mei 2013, ilikusanya ushahidi mwingi wa watu wa kaskazini. Kazi hizo zinastahili heshima. Lakini ripoti na kitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya mashahidi yamepita tena katika safari ileile ya barazani, kutoka lugha ya mama hadi lugha ya ofisi. Mzee wa Merti au Garba Tula, akitaka kujua alivyonukuliwa, anahitaji mkalimani kama baba yake alivyomhitaji.

7. Ukimya wa Sanduku

Imesemwa kwamba karatasi za nyumbani zilihifadhiwa kwa ajili ya kujitetea. Kutokana na hilo ni rahisi kuona ni nani asiyekuwamo. Sanduku husema juu ya mambo yaliyobishaniwa na ofisi, na juu ya watu ambao ofisi iliwatambua kuwa wenye kubishana. Mwanamke huonekana humo kwa uchache, mathalani katika cheti cha ndoa au cha talaka cha kadhi, au kama mtegemezi katika orodha ya mume. Mturkana kibarua, ambaye maafisa walimwona kuwa mtu wa kupita mjini, hakuwa na hati ya kumthibitisha, na kwa hiyo wajukuu wake hawana sanduku la kufungua. Akitegemea nyaraka za koo peke yake, mtafiti ataandika historia ya Isiolo ambamo wenye karatasi ndio wenye mji.

Waborana wanatoa mfano wa namna nyingine kabisa ya kuhifadhi. Kwa mfumo wa gada, kila kipindi cha miaka minane huitwa kwa jina la kiongozi wake, na matukio hupangwa kwa vipindi hivyo. Asmarom Legesse alieleza mfumo huo kwa kina katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973, nao Gudrun Dahl na Mario Aguilar waliwaandikia Waborana wa Waso hasa. Kumbukumbu hii haina faili wala sanduku, lakini ina tarehe, ina mpangilio na ina watu wenye jukumu la kuikumbuka. Miaka ya vita Waborana waliipa jina lao, Gaf Daba, ambalo hufasiriwa kuwa ni wakati wa kusimamishwa. Jina hilo ni la watu ambao maisha yao ni kutembea. Wakati serikali iliandika juu ya kurejesha usalama, wao walihifadhi kwa maneno mawili kile walichotendewa: walisimamishwa.

Majina ya mahali nayo ni kumbukumbu ya namna hiyo. Katika mji wa Isiolo limo jina la Bula Pesa, ambalo sehemu yake ya kwanza ni neno la Kisomali la kijiji na ya pili ni Kiswahili. Zimo kambi kadhaa, kama Kambi ya Juu na Kambi Garba, zinazokumbusha kwamba mji ulianza kama mkusanyiko wa kambi. Imo wadi iliyopewa jina la Wabera. Mtoto wa shule anayeyataja majina haya kila siku anatamka historia ambayo huenda hajawahi kuisoma popote.

8. Fundisho la Pate

Pengine itaulizwa kama kazi inayopendekezwa hapa inawezekana. Pwani imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana, na imeonyesha pia hatari zake. Tarehe ya Pate ilianza kama waraka wa ukoo: ni habari za Wanabahani zilizotunzwa na kusimuliwa na watu wa ukoo wenyewe ili kuthibitisha enzi yao. Ilifika kwa wasomaji wa leo kwa nakala mbalimbali, zikiwamo zile zilizochapishwa na Stigand mwaka 1913 na Alice Werner mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na nakala hizo hazikubaliani katika mambo mengi. Wataalamu hawakuitupa kwa sababu hiyo. Waliilinganisha nakala kwa nakala, wakauliza kila moja iliandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Kazi ya Marina Tolmacheva ya mwaka 1993 iliziweka nakala hizo pamoja ili msomaji ajionee tofauti. Vilevile orodha ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970 ilionyesha utajiri wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mingi kati yake ikiwa imetoka majumbani mwa watu.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba waraka wa mwinyi wa Pate unastahili uhakiki wa matini na stakabadhi ya mfugaji wa Isiolo haistahili. Tofauti iliyopo ni ya hadhi tu: waraka wa Pate ni wa kale na ni wa watawala, na stakabadhi ya Isiolo ni ya juzi na ni ya mtu wa kawaida. Idara za Kiswahili zimekuwa zikitazama pwani kwa sababu huko ndiko ushairi ulikoandikwa. Lakini Kiswahili kilifanya kazi nyingine barani, kazi ya ukalimani, ya baraza na ya malalamiko, na kazi hiyo nayo ni sehemu ya historia ya lugha.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba faili na sanduku vinasomeka vema vikisomwa pamoja, kila kimoja kikiwa ni jibu kwa kingine, na kwamba vyote viwili vina ukimya ambao masimulizi ya mdomo peke yake ndiyo yanayoweza kuujaza. Yameonyesha pia kwamba nyaraka za koo hazipaswi kutukuzwa. Zina maslahi yake, zina ngazi zake, na zina watu waliofungiwa nje.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanawapasa walimu na wanafunzi wa lugha. Kwanza, matini za utawala na za majumbani ziingizwe katika masomo ya uhakiki, zichambuliwe kwa kufuata utanzu, msimulizi, msikilizaji aliyekusudiwa na lugha iliyofichika nyuma ya lugha iliyoandikwa. Pili, zinapochapishwa, zichapishwe katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri ya Kiswahili, ili wenyewe waweze kuzisoma na kuzisahihisha. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mtafiti asiiondoe karatasi nyumbani. Katika Isiolo waraka wa babu haujawa kitu cha makumbusho, kwani nasaba ikitiliwa shaka mwenyewe ataulizwa ushahidi, na chuo kikuu hakitakuwapo siku hiyo kumsaidia. Nakala na iende maktaba, na asili ibaki sandukuni. Aidha nakala yenyewe isitolewe hadharani bila ridhaa ya wenye nayo, maana imekwisha kuonekana jinsi karatasi iliyoandikwa kumtetea babu inavyoweza kusomwa dhidi ya mjukuu.